Binti Akieleza Dini Isiyo Yake



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua baadhi ya wazazi wa hapa Sikonge. Binti anasomea utalii chuoni, naye amepangiwa mafunzo kwa vitendo katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Mwanza. Kazi yake ni kuwatembeza wageni na kuwaeleza ngoma za watemi, vifaa vya waganga na jinsi wazee walivyoheshimu mizimu. Mama yake anauliza: "Nimemlea katika Shule ya Jumapili. Leo nimwache akafundishe mizimu?"

Tusimcheke mama huyu. Lakini kwanza tujue mahali penyewe. Bujora ni kazi ya padre Mkatoliki kutoka Kanada, David Clement, aliyeanza hapo miaka ya 1950. Kanisa na makumbusho viko katika kiwanja kimoja. Aliyekusanya vitu vile alikuwa mhubiri wa Injili, wala hakuona kwamba kuvitunza ni kuviabudu.

Mtume Paulo naye, alipokuwa Athene, alizunguka akaziangalia ibada za watu wa mji ule. Akaiona hata madhabahu ya Mungu wasiyemjua, na mahubiri yake akayaanzia hapo. Asingeweza kuyaanzia hapo kama angepita amefumba macho.

Sasa tugeuze jambo hili upande wa pili. Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, uko mji wa Salem ulioanzishwa na Wamoravian mwaka 1766. Tangu 1950 sehemu ya zamani ya mji huo imetunzwa kama makumbusho. Watumishi huvaa mavazi ya kale, huonyesha kazi za mikono za wakati ule, na huwaeleza wageni imani ya wenyeji wa kwanza. Husimulia jinsi dada wasioolewa walivyoishi katika nyumba yao wenyewe. Husimulia utepe wa kofia za wanawake: mwekundu kwa wasichana wadogo, wa waridi kwa wasioolewa, wa buluu kwa wenye waume, mweupe kwa wajane. Hata ndoa zilipigiwa kura ili kutafuta mapenzi ya Mungu.

Mtumishi wa namna hiyo si lazima awe Mmoravian. Je, ewe mama Mmoravian wa Sikonge, ungependa awaeleze wazee wako wa imani kwa kebehi, wageni wacheke na kwenda zao? Hapana. Ungetaka aseme kweli waliamini nini, na kwa nini.

Basi bibi zetu nao wanastahili haki hiyohiyo. Kabla Wamoravian hawajafika Urambo mwaka 1898, Wanyamwezi walikwisha kumtaja Mungu kwa majina kama Likube na Limatunda. Anayesema hawakumjua Mungu kabisa hasemi kweli.

Kabla binti hajaondoka, mama, kaa naye. Mwulize atalala wapi na nani atamsimamia. Mwambie aseme "wazee waliamini hivi," asiongeze chumvi wala asidharau. Akitakiwa kushiriki tambiko lenyewe, na dhamiri yake inakataa, amweleze msimamizi mapema na kwa adabu. Kueleza ni kazi aliyotumwa. Kuabudu ni jambo jingine.

Tena ajiandae, maana mgeni atamwuliza: "Na wewe mwenyewe unaamini nini?" Jibu hilo halitoki chuoni. Kama nyumbani tumemfundisha kukariri tu, atababaika mbele za watu. Kwa hiyo juma hili, baada ya chakula cha jioni, waruhusu watoto wakuulize maswali ya imani, hata yale magumu. Usiwakemee. Lile usilolijua, mpelekeeni mchungaji pamoja.