Mbwa wa Sokoni Keringet ni wa Nani?

Mkulima mwenzangu,

Siku ya soko hapa Keringet, ukizunguka nyuma ya mabucha, simama kidogo uhesabu mbwa. Mimi nilihesabu mwezi uliopita. Nilifika 17, kisha mvua ikaja nikaacha. Niliwauliza watu tuliojikinga nao barazani: mbwa hawa ni wa nani? Wote walijibu kwamba si wa mtu.

Jibu hilo si la kweli, nasi twajua. Mbwa haoti kama magugu. Kila mmoja alizaliwa katika ploti ya mtu fulani, pengine ghalani juu ya magunia ya viazi. Mama yao alizaa 6, mwenye boma akabakiza 2, na wale 4 wakatiwa guniani wakaachwa karibu na soko jioni, watu walipokwisha kwenda zao. Mimi mwenyewe nimepata kufanya hivyo, miaka ya nyuma, wala sikuona kuwa ni kosa. Nalisema hapa ili jirani asidhani ninamnyoshea kidole.

Wako wazee katika skimu ambao shauri lao ni moja tu: watiliwe sumu. Shauri hilo halina faida. Ukiua mbwa wa sokoni leo, mifupa ya mabucha itabaki palepale, na baada ya miezi michache mbwa wengine watakuja kuitafuna. Tena sumu haichagui. Itamwua mbwa wa jirani aliyekwisha kudungwa sindano ya kichaa, na huyo alikuwa ngao yako. Itamwua paka alindaye mahindi yako. Mtoto naye aweza kuiokota ile nyama.

Nataka kukueleza habari za watu walioshika njia nyingine. Nairobi, upande wa Karen, kando ya barabara ya Langata, kuna kituo cha chama cha kulinda na kutunza wanyama, kiitwacho KSPCA. Chama hicho kilianza mwaka 1910. Hupokea mbwa na paka waliotupwa, na punda waliopigwa au walioachwa na vidonda. Mnyama akifika hutazamwa na daktari, hudungwa sindano, hupewa dawa ya minyoo, huzuiwa asizae tena, kisha hutafutiwa mtu wa kumchukua. Aliye na maumivu yasiyopona hupewa dawa afe kama aliyelala. Wakaguzi wao hutoka kwenda mahali palipoletwa habari za ukatili, maana Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama ovyo au kumbebesha mzigo uliompita nguvu.

Kazi hiyo huendeshwa kwa michango, na wanaochanga si matajiri wote. Mmoja huleta blanketi kuukuu, mwingine magazeti ya kutandika, mwingine hutoa saa zake 2 za Jumamosi kuwatembeza mbwa.

Najua utasema hayo ni mambo ya watu wa Nairobi. Mkulima ana karo, ana mbolea, ana ng'ombe wa maziwa; atampaje mbwa wa barabarani shilingi yake? Basi tuweke huruma kando kwanza, tutazame hasara.

Kichaa cha mbwa kiliandikwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, nacho hakijatuacha. Hukadiriwa kwamba huua watu wapatao 2,000 kila mwaka nchini. Ng'ombe akiumwa naye hushikwa: hutoka mate, hawezi kumeza, hulia mpaka sauti ikakauka, hufa. Dalili zikishaonekana, kwa mtu au kwa mnyama, hakuna dawa. Lakini wakidungwa sindano mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sasa niambie, hesabu hiyo itatimiaje ikiwa wale 17 hawana mwenyewe wa kuwapeleka?

Tazama pia kondoo wako. Umepata kumwona kondoo anayezunguka mahali pamoja, kichwa upande, kana kwamba amepofuka? Watu husema amekula jani baya. Yawezekana kabisa ni tegu wa mbwa. Mbwa alitupiwa kichwa kibichi cha kondoo mgonjwa, tegu akakua tumboni mwake, akaenda haja katika malisho yako. Kondoo alikula majani yenye mayai hayo, na sasa ana lengelenge la maji ubongoni. Kichwa cha kondoo aliyekufa hivyo kichomwe, kisipewe mbwa hata akilia namna gani.

Habari ya punda nitaipitia upesi. Tangu Aprili 2016 hadi Desemba 2018, punda 301,977 walichinjwa katika vichinjio vyenye leseni nchini, kimoja kikiwa upande wa Naivasha, na ngozi zikaenda Uchina. Wezi walivunja maboma usiku. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikatengua mwaka 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakataza biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Mkulima alipomlilia punda wake, waliopaza sauti pamoja naye walikuwa vyama vya kutetea wanyama. Wakati ule hakuna aliyesema ni mambo ya watu wa Nairobi.

Lakini simshauri mtu tujenge nyumba ya mbwa hapa Keringet. Kujenga ni rahisi. Wataka kula kila siku, na Jumapili pia. Nyumba ingejaa kabla ya msimu wa viazi kwisha, kisha ingekuwa jela yenye njaa. Afadhali tuanze mahali mbwa wanapotoka. Afisa wa Mifugo aombwe siku 1 kwenye dipu, aje na sindano ya kichaa na dawa ya minyoo. Chama cha Nairobi kiandikiwe barua, kiulizwe kama chaweza kutusaidia kupata madaktari wa kuhasi madume na kufunga kizazi cha majike. Kila mwenye ploti atoe shilingi 50 katika fedha zake za maziwa, ili wale wa sokoni wahudumiwe pamoja na wa nyumbani. Wenye mabucha nao wachimbe shimo la mifupa na kulifunika. Sioni kwa nini hawakulazimishwa zamani.

Na mtoto akiumwa kabla ya hayo kufanyika, usingoje kumtafuta mwenye mbwa. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku ileile akadungwe sindano.

Nitalileta neno hili katika mkutano ujao wa ushirika wa maziwa. Nawe uje na hesabu ya mbwa wa ploti yako, pamoja na wale ambao hukuwa na nia ya kuwataja.