Kifaa cha Mtetemo na Fundi wa Mashua wa Kataboi

Tathmini za kawaida za vifaa vya ufundi humfaa fundi mwenye umeme wa ukutani, ilhali Kataboi, magharibi mwa Ziwa Turkana, mashua za mbao hukarabatiwa mchangani. Kifaa cha mtetemo, yaani mashine ya mkononi ambayo bapa lake la msumeno halizunguki bali huyumba kulia na kushoto kwa nyuzi chache tu, hadi mara 20,000 kwa dakika, kina asili moja na msumeno wa hospitali wa kukatia plasta ya mifupa, ambao hupasua kitu kigumu bila kuijeruhi kwa urahisi ngozi inayocheza pamoja nao. Kampuni ya Fein ya Ujerumani ndiyo iliyoueneza utaratibu huo katika karakana. Thamani ya kifaa hiki kwa mashua iko mahali pamoja: bapa la metali mbili, lenye meno magumu yaliyounganishwa na mgongo unaopindika, hupenya kati ya mbao na kuukata msumari wenye kutu, kazi ambayo tindo huifanya kwa kupasua ubao na grainda kwa kuuchoma. Katika kukata ubao mrefu, msumeno wa mkono hukishinda. Gharama ambayo wauzaji hawaitaji (wala si kwa kusahau) imo katika mabapa, ambayo hulika upesi kwenye misumari na ambayo fundi atalazimika kuyafuata Lodwar au mbali zaidi. Betri ya lithiamu ya kifaa kisicho na waya nayo huchakaa mapema ikiachwa juani. Mafundi kadhaa wenye sola ya kutosha wakichanga, kifaa hiki kinanunulika. Mwenye nyumba anayetaka kurekebisha mlango mmoja heri aazime.