Sindano Ifunguliwe Mbele ya Macho Yetu



Wapo miongoni mwetu, Bwera na Kasese mjini, wanaokwepa kupima damu kwa hoja moja tu: wanahofia kuchomwa sindano iliyokwisha kumchoma mwingine, watoke na maradhi ambayo hawakwenda nayo. Mama mjamzito anaahirisha kipimo, mzee mwenye dalili za kisukari anabaki na mitishamba yake, mwanafunzi mwenye homa anameza dawa ya malaria bila kupimwa. Upande wa pili wapo wahudumu ambao mgonjwa akiuliza, "Sindano hii ni mpya?" wanamkaripia kana kwamba wametukanwa. Sisi tunasema makundi yote mawili yanakosea, na tena yanalishana. Ukali wa huyu ndio unaozaa uvumi wa yule.

Tuanze na woga wenyewe. Mwenye kuogopa sindano si mjinga. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wauguzi walikuwa wakipewa mabomba ya sindano matano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku nzima. Yalisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha yakaendelea na mgonjwa mwingine. Ebola ikapita humo. Katika watu 318 waliougua, 280 walifariki. Na mwaka 2019 huko Ratodero, Pakistan, mamia ya watoto waligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI, na uchunguzi ukaonyesha kuwa sindano zilizorudiwa zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2010 pekee, sindano zisizo salama ziliambukiza hadi watu milioni 1.7 homa ya ini aina B, hadi watu 315,000 homa ya ini aina C, na hadi watu 33,800 virusi vya UKIMWI. Huo si uvumi wa sokoni.

Je, basi tukatae kupima? La hasha. Hapa kwetu Uganda tumekwisha kuona woga usio na mwongozo unampeleka mtu wapi. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipotisha kila nyumba, familia nyingi zilipoteza imani na sindano za hospitali, zikaweka bomba lao nyumbani. Likachemshwa kidogo, likachoma baba, likachoma watoto, na pengine jirani naye akaja kuazima. Walikimbia hatari ya hospitali, wakaikaribisha nyingine chumbani.

Tukumbuke pia Juni 2019. Familia moja ilivuka kutoka Congo na mtoto mgonjwa wa miaka 5. Alipokelewa hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera. Damu yake ikachukuliwa, ikapimwa na taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, na tarehe 11 Juni ikathibitika kuwa ni Ebola. Mtoto yule alifariki, na bibi yake, na mdogo wake pia. Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka 9 alitambuliwa mpakani Mpondwe, akapimwa, naye akafariki. Lakini mwaka ule hakuna hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya Uganda kutokana nao. Damu ilipopimwa, serikali ilijua nani atengwe, nani afuatiliwe na nani achanjwe. Lau familia zile zingekataa sindano, leo tungekuwa tunahesabu makaburi Bwera, Kisinga na Kasese nzima.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tusikimbie kipimo. Tuingie maabara tukiwa macho.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zihamie kwenye mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, na Uganda ilikuwa moja ya nchi tatu zilizochaguliwa kuanza, pamoja na Misri na India. Ni hatua njema. Lakini mabomba yale ni ya kudunga dawa. Vifaa vya kuchukulia damu mara nyingi havina kufuli hiyo, kwa hiyo usalama wake unategemea mkono wa mhudumu na jicho la mgonjwa.

Jicho hilo litazame nini?

1. Pakiti ifunguliwe mbele yako, ikiwa haijachanika wala kulowa, na tarehe yake haijapita.

2. Sindano na bomba vyote viwe vipya. Kubadilisha ncha tu na kurudia bomba lile lile si usalama, kwani damu huweza kubaki ndani ya bomba.

3. Kinachotoboa kidole kwa kipimo cha malaria, sukari au VVU kiwe cha mtu mmoja, mara moja. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale ambapo hakuna damu inayoonekana.

4. Mhudumu anawe mikono na avae glavu mpya, si zile alizomshikia mgonjwa aliyetangulia.

5. Sindano ikimaliza kazi iingie moja kwa moja kwenye boksi la usalama, bila kurudishiwa kifuniko chake kwa mikono. Hapo anajilinda hata mhudumu mwenyewe, maana wengi hujichoma wakati wa kufunika.

Tutaambiwa: wagonjwa ni wengi, mhudumu ni mmoja, amechoka. Tunajua, na tunawaheshimu wanaofanya kazi katika hali hiyo. Lakini kufungua pakiti mbele ya mgonjwa kunachukua muda gani? Pakiti ni lazima ifunguliwe. Tunachoomba ni ifunguliwe tukiwa tunaona. Na mwenye kliniki binafsi anayebana matumizi kwa kurudia vifaa, huyo hana udhuru wowote. Bei ya sindano ni ndogo mno mbele ya ini la mtoto wa mtu.

Tusiwanyooshee vidole wengine tukasahau nyumba zetu. Ni nani anayeuliza wembe wa kuumika umepita migongoni mwa wangapi? Ni nani anayeuliza kisu cha tohara kilichemshwa lini na kwa muda gani? Na kile kifaa cha kutoboa kidole cha mzee mwenye kisukari, je, hakitumiwi na nyumba nzima "kujaribu tu sukari"? Anayeikagua sindano ya hospitali kisha akakubali wembe wa kurithi hajajilinda.

Basi tunasema hivi. Wazazi, wafundisheni watoto kuuliza kwa adabu: "Daktari, naomba nione ukifungua." Wanafunzi, mkipimwa kwa pamoja shuleni, kila mmoja aangalie sindano yake na ya mwenzake. Kamati za misikiti, mwalikeni mtaalamu wa maabara aje na vifaa vyake, awaonyeshe watu vinavyofanya kazi. Viongozi wa wilaya, hakikisheni glavu na maboksi ya usalama hayaishi katika vituo vya vijijini, maana mhudumu asiye na vifaa hawezi kutimiza haya hata akitaka. Na mhudumu ukiulizwa, usikasirike. Anayekuuliza amekuja kupima, na yule uliyemkaripia jana hatarudi.

Wabillahi tawfiq.