Barua kwa wana-Songea: Uji wa watoto wetu tuupike wenyewe



Wazee wangu, mama zangu, wajomba na shangazi zangu wa Peramiho, Maposeni, Parangu, Litisha, Magagura, Mpitimbi hadi Muhukuru, shikamooni. Kaka na dada, habari za siku nyingi. Majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Barua hii ni yenu pia, kwa maana watoto ninaowasemea wanakaa dawati moja. Bado nipo Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu za mchana na za usiku.

Nimeamua kuwaandikia wote kwa pamoja kwa sababu kuna jambo linalowahusu ambalo huku linaonekana kwa macho, na huko nyumbani sijasikia likisemwa wazi. Mkono wa misheni uliowasaidia watoto wa vijiji vyetu kwa zaidi ya miaka mia moja umezeeka. Mapenzi bado unayo, lakini nguvu zinauishia, na sisi tunaishi kama vile utakuwapo siku zote.

Wengi wetu tunaijua misheni kwa majengo yake: kanisa la Peramiho, hospitali ya Mtakatifu Yosefu, karakana, kiwanda cha uchapaji. Maisha ya kila siku ya mmisionari kijijini hatukuyaona vizuri, kwa kuwa tulikuwa watoto, na tulilojali ni kwamba gari limefika. Mimi nimekuja kuyajua huku. Nyumba mama ya wamisionari waliofungua Peramiho mwaka 1898 haiko mbali na ninapoishi. Inaitwa St. Ottilien, abasia yenye mashamba, shule na kituo chake cha treni. Shirika la wamisionari hao lilianzishwa na Padri Andreas Amrhein mwaka 1884, nao wakahamia hapo 1887. Jumapili nisipokuwa zamu napenda kwenda. Utawakuta wazee waliotumikia kwetu, wanatembea kwa fimbo, na wakisikia unatoka Songea swali la kwanza ni kama mvua zimenyesha vizuri.

Mmoja wao ni bruda, fundi makanika. Jina lake naliacha, maana hapendi kusifiwa. Alifika kwetu akiwa kijana. Siku yake ilianza saa kumi na moja alfajiri kwa sala kanisani, kisha misa, chai, halafu karakana. Gari likiwa zima, alipakia mizigo ya vigangoni: chumvi, sabuni, madaftari, chaki, mabati, boksi la dawa. Katekista alikaa mbele kwa sababu ndiye aliyeijua njia na ndiye aliyewajua watu. Barabara ya Muhukuru wakati wa mvua mnaijua wenyewe. Siku nyingine walilala njiani na kuamkia kuchimba tope.

Wakifika kijijini, hakuna aliyeanza kwa mahubiri. Watoto walilizunguka gari. Sista aliyeongozana nao alitandika mkeka chini ya mwembe, akaanza kuwatoa funza kwa pini, mguu mmoja baada ya mwingine, anapaka dawa, anamwita anayefuata. Kazi hiyo peke yake iliweza kumaliza asubuhi nzima. Bruda alikuwa upande wa pili anatengeneza pampu ya kisima au anafunga upya bawaba za mlango wa darasa. Kina mama walikoka moto, uji ukapikwa kwenye pipa lililokatwa nusu. Mtoto mwenye homa kali alirudi nao Peramiho jioni, amelala mapajani mwa mama yake nyuma ya gari, na bruda anaendesha polepole ili wasirushwe. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri yuko tena kanisani. Hivyo hivyo, miaka na miaka.

Nilimwuliza ni kitu gani kilimchosha kuliko vyote. Nilidhani atataja malaria, au barabara. Akasema barua. Usiku, baada ya sala ya mwisho, aliwasha taa ya kandili akawaandikia wafadhili. Mfuko wa saruji ulikuwa na barua yake. Madawati yalikuwa na barua yake. Unga wa maziwa kwa watoto wadogo ulikuwa na barua yake, na picha ndani ya bahasha kuonyesha kwamba umefika. Mwezi asioandika alijua kwamba muda si mrefu uji utakatika kwenye kijiji fulani, na alikuwa anazijua sura za watoto watakaoukosa.

Mwisho wa safari wa barua kama hizo nimeuona kazini kwangu. Tuna bibi mmoja aliyepita miaka tisini. Kwenye kabati lake kuna boksi la viatu lililojaa barua kutoka misheni za Afrika, zimefungwa kwa utepe mwaka kwa mwaka. Juu yake ipo picha ya watoto wamevaa mashati meupe na kaptula za buluu mbele ya shule ya matofali. Hajui jina la kijiji. Mume wake alikuwa mkulima wa ng'ombe wachache, wala si watu wa mali. Tangu alipofiwa amekuwa akitoa kiasi kila mwezi kutoka pensheni yake. Nikimfunga vifungo asubuhi huniuliza kama watoto wale wanakula. Namjibu ukweli: wengine wanakula, wengine wanaenda shule na kurudi jioni bila kitu tumboni. Watoto wake wa kuzaa ni watu wema, wanamtembelea kila wiki, ila kanisani hawaendi tena. Bibi huyu akiondoka, mchango wake utaondoka naye.

Na wa namna yake ni wengi, na wa kuwarithi wanapungua. Mwaka 2022 peke yake, Wakatoliki zaidi ya 520,000 wa Ujerumani walijiondoa rasmi katika Kanisa. Mwaka 2023 wakaondoka wengine zaidi ya 400,000. Huku mwamini hukatwa kodi ya Kanisa, ambayo kwa Bavaria ni asilimia 8 ya kodi yake ya mapato; akijiandikisha kutoka, hakatwi tena. Makanisa ya vijijini ni mazuri ajabu, lakini Jumapili wanaojaza viti ni wazee, na mara nyingi padri anayewaongozea misa ametoka India au Afrika. Vijana wanaoingia abasia ni wachache mno kuliko mabruda wanaozikwa.

Nisiwanyime sifa watoto wao. Kila mwaka karibu na tarehe 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana, watoto wa parokia huvaa kama Mamajusi, wakiwa na taji na nyota, na kupita nyumba kwa nyumba kwenye theluji. Wanaitwa Sternsinger. Wanabisha hodi, wanaimba, wanaandika kwa chaki juu ya mlango tarakimu za mwaka na herufi C, M na B, kisha wananyoosha kopo la sadaka kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Kazi hiyo ilianza mwaka 1959 na hadi sasa imekusanya zaidi ya euro bilioni 1. Nimewafungulia mlango watoto hawa, pua nyekundu kwa baridi, wanaimba kwa ajili ya watoto wa kwetu bila kujua kwamba aliyewafungulia alikuwa mmoja wao. Natamani watoto wetu wa shirika la Utoto Mtakatifu nao wapite hivyo Maposeni kwa ajili ya mwenzao wa Muhukuru, baada ya mavuno, kila mmoja na kibaba chake cha maharage.

Wapo watakaosema nawatukuza wageni. Sijasahau. Misheni ilikuja pamoja na bendera ya Wajerumani, na babu zetu walilijua hilo. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa njiani upande wa Liwale, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kamba. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na viongozi wenzake walinyongwa pale Songea, na kila mwaka tunakusanyika Makumbusho ya Majimaji, penye kaburi lao la pamoja, kuwakumbuka. Mashamba yaliteketezwa, njaa ikaua zaidi ya risasi. Watoto wa walionusurika ndio waliokuja kujaza madarasa ya misheni. Mtu anayeisimulia historia ya Peramiho bila kaburi lile la pamoja anawadanganya wanawe.

Lakini ipo sehemu nyingine ya historia hiyo hiyo ambayo tunaipita haraka. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, miaka ikapita bila wao. Walioendelea kuwafundisha watoto sala, kusoma na kuandika walikuwa walimu na makatekista wetu, watu wa vijiji hivi hivi, wakitembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, wengi wao bila malipo yoyote. Hakuna jengo lenye majina yao. Kwa hiyo wageni kuondoka si jambo geni kwetu. Limewahi kutokea, na watoto hawakuachwa.

Leo tuna uwezo mkubwa kuliko walimu wale. Peramiho imekwisha kupata abate Mtanzania. Hanga, monasteri iliyoanzishwa 1957 kwa ajili ya wamonaki Waafrika, ilizaa Mvimwa kule Rukwa mwaka 1979 na kupeleka wamonaki wake hadi Zambia. Vijana waliolelewa kwa uji wa misheni wamekuwa wamisionari wenyewe, na nina hakika siku zao zinafanana na za bruda wangu: alfajiri kanisani, mchana kijijini, usiku barua. Masista wa Chipole wanalea yatima, na tangu mwaka 2015 wanazalisha umeme pale Tulila kwenye mto Ruvuma na kuiuzia TANESCO. Watu wanaoweza kuufanya mto uwashe taa hawawezi kushindwa na sufuria ya uji.

Maana mahindi tunayo. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Songea ni ushahidi. Soya tunalima, karanga tunalima, maharage yanashuka kutoka Mbinga. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wetu asilimia 35.6 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Takwimu hii inaniuma kuliko habari nyingine yoyote ninayoisoma kutoka nyumbani. Lori linaondoka kijijini limejaa magunia, na linampita barabarani mtoto anayekwenda shule na njaa. Serikali iliondoa ada, jambo jema sana, lakini chakula cha shuleni kimebaki kwa wazazi, na vijiji vingi vinakijadili kila mwaka bila kukipika.

Nimepiga hesabu. Debe moja la mahindi lina kilo kama 18. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanyeni: ni gramu 90 na zaidi kwa siku, zinazotosha kikombe kikubwa cha uji mzito kwa mtoto mmoja mwaka mzima. Debe moja! Ongezeni vibaba vichache vya soya na karanga, uji huo unakuwa wa lishe. Nyumba yenye watoto watatu shuleni itatoa nusu gunia. Mjane na mzee anayelea wajukuu wasitozwe. Wenye mashamba makubwa wawafidie, kama ilivyokuwa desturi yetu siku zote msibani na harusini.

Naomba basi, wenyeviti wa vijiji, watendaji, walimu wakuu na kamati za shule: mavuno yakianza, kabla wachuuzi hawajaingia mashambani, iteni mkutano mkuu wa kijiji wenye ajenda hii peke yake. Mahindi yawekwe kwenye mifuko ya kinga njaa ili dumuzi wasiyamalize, ghala liwe na funguo mbili, moja ikae kwa mwalimu, nyingine kwa mama atakayechaguliwa na wazazi. Daftari la mahindi lisomwe mbele ya watu kila mwezi. Hakuna kitakachoua jambo hili haraka kama debe kupotea bila maelezo.

Sisi tulio nje tuna sehemu yetu. Nimeshazungumza na wana-Songea wenzangu wa hapa Ujerumani. Tutanunua sufuria kubwa, tutagharimia jiko sanifu, na tutachangia posho ya mpishi kwa shule itakayokuwa imejaza ghala lake. Ghala tupu hatutalijaza sisi, wala msimwandikie bibi wa Bavaria alijaze.

Anzeni na shule moja. Mwalimu mkuu au mwenyekiti yeyote aniandikie kabla ya mwisho wa Agosti, anitajie shule, idadi ya watoto na madebe yaliyokwisha kupimwa.