NDUGU KAENDA WAPI?

Vijana wa vijiweni, nani katunyang'anya neno "ndugu"? Baada ya Azimio la Arusha la 1967, waziri na kuli wa bandarini wote waliitwa ndugu. Kwa mdomo tu, tunajua! Lakini ndugu unaweza kumuuliza ghorofa kalipata wapi. Mwaka 1991, kule Zanzibar, vigogo wakaruhusiana mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Miaka hiyo hiyo "waheshimiwa" wakajaa kila kona. Mheshimiwa haulizwi, anaombwa. Ndiyo maana kijana akisimama mkutanoni kudai maji, ambayo ni haki yake, huanza na "naomba". Na kwenye vikao vya CCM, wao kwa wao, bado wanaitana ndugu! Jaribu wewe kumwita hivyo mbunge wako, uone atakavyokunja uso.