Mlinzi aambiwe mapema

Wakati wa shida watu hawahitaji kukumbushwa njia ya kanisani. Anayetafuta kazi ana novena yake, mwenye mgonjwa hospitalini hakosi Misa ya asubuhi. Dominika hii nataka tumtafakari mwingine, yule ambaye Mungu amekwisha kumjibu. Kazi ipo, nyumba imekamilika, watoto wako shule nzuri. Huyu hajaasi. Dominika anakuja, zaka anatoa, na bahasha yake ni nene. Lakini kuna kitu kimepoa ndani yake, na mara nyingi mtu wa mwisho kukitambua ni yeye mwenyewe.

Kitabu cha Ufunuo, sura ya 3, kina barua kwa Kanisa la watu wa namna hii. Laodikia ulikuwa mji wa fedha, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ulisifika kwa sufu nyeusi na kwa dawa ya macho. Mwaka 60 baada ya Kristo tetemeko la ardhi liliubomoa, na mwanahistoria Mrumi Tacitus anaeleza kwamba wenyeji waliujenga upya kwa mali yao wenyewe, bila msaada wa Roma. Watu wa kujitegemea, tungewasifu hata sisi. Tatizo ni kwamba tabia hiyo waliingia nayo kanisani. Tusome barua ile taratibu: Pergamo na Thiatira, makanisa ya eneo hilo hilo, yanakemewa kwa mafundisho ya uongo na uzinzi. Laodikia haishtakiwi kwa lolote kati ya hayo. Kosa lake ni kujiona haihitaji kitu, na kwa hilo inaitwa vuguvugu.

Hapa kwetu uvuguvugu huo hauonekani kwenye Misa. Misa mtu anaweza kuingia na kutoka bila kusalimiana na yeyote isipokuwa wakati wa amani. Unaonekana kwenye jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wetu wa AMECEA walipozithibitisha mwaka 1976 kuwa kipaumbele cha kichungaji, walitaka Kanisa liishi mahali watu wanapoishi, jirani akimjua jirani. Jumuiya inajua mtoto wa nani amerudishwa kwa ajili ya ada, na bibi yupi hajatoka ndani tangu juzi. Kwa hiyo ndicho kitu cha kwanza ambacho aliyefanikiwa hukiacha.

Hasemi ameacha. Anasema, "Mwenyekiti, niambie tu mchango ni kiasi gani, natuma kwa simu." Na kweli anatuma, pengine mara mbili ya wengine. Jumuiya inapokea na kushukuru, maana fedha inahitajika. Ila tuseme ukweli: mara nyingi mchango ule unanunua ruhusa ya kutokuja. Bibi mgonjwa amepata sukari na sabuni, lakini hajapata mtu wa kukaa naye kitandani. Na mtumaji naye amekosa jambo kubwa zaidi, kwa sababu ni pale kwenye mkeka, kati ya watu wanaomwomba Mungu chakula cha kesho, ambapo angekumbuka kwamba na yeye ni mwombaji.

Wengine wataniambia, "Padre, mjini kuna foleni, tunafika nyumbani usiku." Najua. Foleni ya kwenda kwenye kikao cha harusi nayo ipo, na tunafika.

Sisemi kwamba mali ni dhambi. Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, hawaambii Waisraeli wabaki jangwani ili wawe watakatifu. Nchi ni nzuri, waingie, wale, washibe, wajenge nyumba nzuri. Anachoogopa ni kwamba wakishashiba watasahau nani aliwatoa Misri. Na Mtume Paulo, mwishoni mwa waraka kwa Wakolosai, anawasalimu ndugu wa Laodikia pamoja na Nimfa na kanisa linalokusanyika nyumbani kwake. Nimfa alikuwa na nyumba ya kutosha watu kusali, na alifungua mlango.

Sasa turudi kwenye barua ile. Baada ya karipio lote, Bwana anajionyesha amesimama nje ya mlango, anabisha hodi, akitaka kuingia na kula na mwenye nyumba. Waswahili tunaelewa hodi: mgeni hasukumi mlango, anangoja aitikiwe karibu. Kwenye mitaa yetu mipya anangoja mbele ya geti, na mlinzi anamjibu kwamba bosi amesafiri.

Barua hiyo haikuwa ya kuwafukuza. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua katika magofu ya Laodikia kanisa la karne ya 4, na katika karne hiyo hiyo maaskofu walifanya sinodi yao mjini humo. Kwa hiyo imani ilidumu pale.

Wiki hii jumuiya zetu zitasali tena. Ukimpigia mwenyekiti wako, safari hii usianze na habari za mchango. Mwulize zamu ya nyumba yako ni lini, na ni nani mgonjwa. Watu wakija kwako, keti nao mpaka sala ya mwisho. Na mlinzi aambiwe mapema.