Tuirekodi Taarifa ya Habari

Taarifa ya habari ya Tanzania ya saa 2 usiku hutufikia hapa Muscat saa 3, wengi wetu tukiwa bado maktaba. Dawa ipo. Tukichomeka kadi ya setilaiti kwenye kompyuta ya nyumbani na kuunganisha waya wa dishi, programu ya bure kama Tvheadend hurekodi kwa saa tuliyopanga, mradi chaneli inashika huku na haijafungwa.

Faida kubwa ni kusimamisha, kurudisha nyuma na kulisikiliza tena neno lililotupita. Bibi zetu walitupa Kiswahili cha nyumbani. Hiki cha bunge na mahakama tutakipata kwa masikio. Chama kianze na kompyuta moja, na walimu watuchagulie vipindi.